Jerikani chini ya bomba kavu: kisa cha mtoto aliyetembea usingizini, Busia

Mtoto wa kisa hiki alikuwa na miaka 11, mwanafunzi wa darasa la sita katika shule ya bweni mashariki mwa Uganda. Jina lake na la shule nimeyaficha, na nimebadilisha vitu viwili vitatu ili hata jirani asimtambue. Aliletwa kwenye kliniki ninayofanyia kazi Busia, upande wetu wa Uganda mpakani na Kenya, na watu wawili: mama yake, anayeuza mukene (dagaa) sokoni, na jaja yake, yaani bibi mzaa baba. Mama alishika barua ya shule. Jaja alishika leso iliyokunjwa mara nne, na muda wote tuliozungumza hakuiweka chini.

Barua ilikuwa na mistari minne tu. Mwanafunzi anasumbua wenzake usiku, atafutiwe matibabu, asirudi bila karatasi ya daktari. Mama akaongeza ambayo barua haikusema.

"Musawo, wenzake wanasema mwanangu ni musezi."

Huku kwetu kila anayetibu ni musawo, na kila mtoto anajua musezi ni nani. Ni mtu anayesemwa kwamba hutoka usiku uchi, akacheza kwenye viwanja vya watu na kufukua maiti. Pwani wangesema anawanga. Mtu akigandwa na neno hilo halimtoki kwa kuoga. Wako watu wazima waliopigwa kwa sababu yake, wengine hadi kufa. Kwa hiyo sikulichukulia kama maneno ya watoto. Mtoto mwenyewe alikaa kwenye benchi akitazama vidole vya miguu yake. Nilipomuuliza anakumbuka nini, alisema, "Hakuna. Naambiwa tu."

Mgonjwa asipokumbuka kitu, tafuta aliyekuwa macho. Nikamwomba mama apige simu shuleni, nikaongea na metroni wa bweni. Metroni huyo nitamshukuru siku zote, kwa kuwa ndiye aliyekuwa na jibu bila kujua. Kila usiku mtoto alipoamka, aliandika kwenye daftari lake tarehe, saa, na alichoona. Alinitumia picha za kurasa tatu kwa WhatsApp. Nitasimulia usiku mmoja kama alivyouandika na kama alivyoniongezea kwa mdomo.

Ilikuwa saa 5:25 usiku. Mtoto alilala kitanda cha juu kabisa katika vile vitanda vya ghorofa tatu. Akashuka ngazi taratibu bila kumkanyaga aliyelala chini yake, akavuta jerikani ya manjano ya lita tano kutoka uvunguni, akafungua komeo la mlango wa bati, akatoka pekupeku. Metroni alimfuata na tochi. Mtoto akaenda moja kwa moja hadi bombani, akaweka jerikani, akaielekeza mdomo sawasawa chini ya koki, akafungua koki, akachuchumaa akingoja. Maji yalikuwa yamekatika tangu mchana. Jerikani ilikuwa tupu na bomba halikudondosha hata tone, naye akangoja kama anavyongoja kila asubuhi. Macho yalikuwa wazi. Metroni akammulika usoni, hakugeuka. Akamwita jina, akajibu kwa sauti ya kawaida kabisa: "Bado haijajaa."

Hapo metroni alimshika bega amwamshe. Mtoto akapiga ukelele, akamsukuma, akakimbia hatua chache, akaanguka. Alirudishwa kitandani akalala kama jiwe. Asubuhi aliuliza nani kamwumiza goti.

Nikiri jambo. Kabla ya kuona daftari nilikuwa nimeshashika kalamu kuandika dawa ya kifafa. Kifafa ni kingi Uganda, kwa sababu ya malaria kali ya utotoni, majeraha ya kuzaliwa na minyoo ya ubongo. Huko kaskazini, Kitgum, Lamwo na Pader, tumeona maelfu ya watoto wenye ugonjwa wa kutikisa kichwa, ambao nao ni aina ya kifafa. Ukifanya kazi katika nchi hii, kifafa hakikutoki akilini, na ni sawa kisikutoke. Ila dawa ya kifafa mtoto huimeza kila siku kwa miaka, na jina la kifafa nalo lina unyanyapaa wake. Nisingependa kumtoa kwenye usezi nikamtia kwenye kifafa asichokuwa nacho.

Daftari ndilo lililonizuia. Lilikuwa na matukio tisa ya muhula mmoja, na yote yalitokea kati ya saa 5:05 na saa 5:55 usiku. Hakuna hata moja la saa nane, hakuna hata moja la alfajiri. Taa za bweni huzimwa saa 4:00. Yaani kila mara mtoto aliamka akiwa amelala kwa saa moja hivi, au karibu saa mbili. Majini hayana saa, na kifafa nacho kwa kawaida hakina ratiba nyembamba namna hiyo. Kitu chenye ratiba hiyo ni usingizi mzito.

Inafaa nieleze hapa usiku wa binadamu unavyokwenda. Mwaka 1924 daktari Mjerumani Hans Berger alifaulu kunasa umeme wa ubongo wa mtu kupitia ngozi ya kichwa, akatangaza matokeo yake mwaka 1929. Tangu hapo tunaweza kuuangalia ubongo uliolala bila kuugusa. Tukiwa macho, mistari inayochorwa ni midogo na ya haraka, imevurugika, kama soko la Busia siku ya gulio: kila mtu anaongea lake, huwezi kusikia neno moja likajitenga. Usingizi ukizidi kuingia, mistari inapungua kasi. Nusu saa hivi baadaye mtoto anazama katika hatua ya tatu, na hapo mawimbi yanakuwa makubwa na ya polepole, mawili au chini ya hapo kwa sekunde. Mamilioni ya seli za ubongo zinawaka pamoja na kunyamaza pamoja, kama waumini wanaoitikia "Amina" kwa sauti moja, kisha kimya, kisha tena "Amina". Huo ndio usingizi wa fofofo, ule ambao ukimbeba mtoto kutoka kochini hadi kitandani hajui. Watoto wanao mwingi kuliko sisi, na sehemu kubwa yake huja katika theluthi ya kwanza ya usiku.

Baadaye, yapata dakika 90 tangu kulala, ubongo hupanda tena na kuingia katika usingizi wa ndoto, macho yakichezacheza chini ya kope. Aserinsky na Kleitman wa Chicago ndio waliouandika mwaka 1953. Mzunguko huo unarudi mara nne hadi sita kwa usiku, na kadiri kunavyokaribia kupambazuka, usingizi mzito unapungua na wa ndoto unarefuka.

Mama aliposikia hayo alisema, "Basi alikuwa anaota." Karibu kila mtu husema hivyo, na ndipo wengi tunapokosea. Katika usingizi wa ndoto shina la ubongo hukata mawasiliano na misuli: ubongo unakimbia, miguu imelala. Mfaransa Michel Jouvet, aliyefanya kazi Lyon, aliharibu kijisehemu kidogo cha shina hilo kwa paka, nao wakaanza kuinuka usingizini, wakinyatia na kurukia panya wasiokuwapo. Kwa binadamu kuna ugonjwa unaofanana na huo, ulioelezwa na madaktari wa Minnesota mwaka 1986. Wengi wanaoupata ni wanaume wazee, wanapiga ngumi na mateke kitandani, tena karibu na alfajiri, na ukiwaamsha wanakusimulia ndoto yao. Huyu wetu ana miaka 11, anatoka mapema usiku, na ukimwamsha hana la kusimulia. Mwaka 1965 watafiti wa Marekani waliwapima watembeao usingizini usiku kucha, nyaya zikiwa kichwani, wakaona kwamba safari inaanzia katika yale mawimbi makubwa ya polepole. Haianzii katika ndoto. Si kwamba kichwa ni kitupu kabisa. Watu wazima hasa hukumbuka vipande, hofu fulani, nyumba inayoungua. Ila mtoto wa jerikani hakuwa akiigiza hadithi ya ndotoni.

Sasa alikuwa akifanya nini? Hapa ndipo mimi mwenyewe hushangaa kila nikipafikiria. Tumezoea kudhani kulala na kuamka ni kama swichi ya taa, ama imewashwa ama imezimwa. Sivyo. Mwaka 2000 madaktari wa Bern, Uswisi, walifaulu kupata picha ya ubongo wa kijana wa miaka 16 katikati ya safari yake ya usingizini. Sehemu zinazohusika na mwendo na hisia zilikuwa zinafanya kazi. Sehemu za mbele, zile zinazopima, zinazokataza, zinazouliza "ninafanya nini hapa?", zilikuwa zimelala. Baadaye wagonjwa wa kifafa waliowekewa nyaya ndani kabisa ya ubongo kabla ya upasuaji walionyesha jambo hilo hilo kwa karibu zaidi: eneo la mwendo limeamka, wakati huo huo eneo la kuhifadhi kumbukumbu bado linaitikia "Amina" yake ya polepole. Usiku ule bombani, miguu ya mtoto ilikuwa macho. Mikono iliyozoea koki ilikuwa macho. Hata ulimi uliweza kujibu. Aliyekuwa amelala ni yule ambaye angeona kwamba hakuna maji, na yule ambaye angekumbuka kesho.

Ndiyo maana alichofanya kilikuwa kazi ya kila siku. Jambo lililofanywa mara elfu halihitaji akili ya mbele. Katika daftari kuna usiku alikunja sare ya mwenzake vizuri na kuirudisha mahali pake, na usiku mwingine alisimama akitazama ukuta dakika kumi. Kifafa cha sehemu ya mbele ya ubongo, kile kinachomjia mtu usingizini, kwa kawaida ni kifupi, chini ya dakika mbili, ishara ni ile ile kila mara, na kinaweza kurudia mara nyingi katika usiku mmoja. Hapa kila usiku ulikuwa na lake, na tukio lilikuja mara moja tu. Hakuwahi kujikojolea, hakuwahi kujiuma ulimi, mchana hakuwa na tatizo. Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu. Koo lilikuwa safi na hakoromi; hilo nililiangalia kwa sababu matonsili makubwa yanayobana pumzi nayo huweza kuchokoza hali hii. Sikumtuma Kampala apimwe mawimbi ya ubongo. Kisa kilikuwa wazi, nauli ilikuwa ya mukene wa wiki mbili, na kipimo cha mchana kikitoka kizuri kisingetuambia lolote kuhusu saa tano usiku. Nilimwandikia mama mambo yatakayomfanya anirudie mbio: matukio mengi kwa usiku mmoja, mwili kukakamaa, au jambo lolote la kupotewa na fahamu mchana.

Kisha nikauliza swali la ukoo. Mama akajibu haraka, "Kwetu hakuna." Nikamgeukia jaja. Alinyamaza kidogo, akaikunjua ile leso juu ya mapaja yake.

"Usiku wa kwanza wa likizo alitoka mpaka barabarani," alisema. "Usiku wa pili nikamfunga mguu wake na wangu kwa leso hii." Akaipapasa pembe iliyochakaa. "Baba yake nilimfunga hivi hivi. Sikumwambia mtu. Walikuwa wameshaanza kusema."

Mama alimtazama mama mkwe wake kama anayemwona kwa mara ya kwanza. Miaka kumi na tatu ya ndoa, na hilo hakulijua. Simlaumu jaja hata kidogo. Alikuwa akimlinda mwanawe dhidi ya neno lile lile ambalo sasa limemfikia mjukuu. Ila ukimya huo ulificha nusu ya jibu. Utafiti wa watoto wa Québec, Kanada, uliotoka mwaka 2015, ulionyesha kwamba mtoto ambaye wazazi wake hawakuwahi kutembea usingizini ana uwezekano wa kama asilimia 22 wa kutembea wakati fulani utotoni. Akiwa na mzazi mmoja wa aina hiyo, asilimia 47. Wote wawili, asilimia 61. Tena umri unaoongoza ni miaka 10, ambapo asilimia 13 ya watoto wale walikuwa wakitembea. Katika bweni la watoto sitini, huyu hakupaswa kuwa peke yake.

Damu humwandaa mtoto, lakini lazima kuwe na kinachomchokoza. Taa zinazimwa saa 4:00 usiku, kengele ya preps, yaani vipindi vya kujisomea, inalia saa 10:00 alfajiri. Hizo ni saa sita. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji saa 9 hadi 12. Ubongo unaodaiwa usingizi hulipa deni lake kwanza kwa ule mzito, kwa hiyo unazama zaidi, na kutoka humo kunakuwa kugumu zaidi. Jaja aliogopa kwamba kuna kitu kilichomfuata mtoto kutoka shuleni, kwa kuwa usiku wa kwanza wa likizo ndio uliokuwa mbaya kuliko zote. Kweli kilimfuata. Kilikuwa deni la muhula mzima, nao mwili ulianza kulilipa. Baada ya wiki moja ya kulala mpaka jua litoke, hakuamka tena usiku.

Na kulikuwa na mlango. Nilimuuliza metroni kitu gani hutokea bwenini saa tano. "Darasa la saba wanarudi kutoka preps," akasema. Ni watahiniwa wa PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, wanaachiwa saa 5:00, na mlango wa bati unabamizwa. Huko Montréal watafiti waliwanyima usingizi kwa zaidi ya siku moja watu wenye tabia hii, kisha walipozama wakawapigia sauti. Wakaanza kuamka nusu, mbele ya kamera. Watu wa kawaida waliofanyiwa hivyo hivyo hawakuonyesha tabia hiyo. Shule ilikuwa ikifanya jaribio hilo kila usiku bila kujua.

Tulichofanya hakikuwa na dawa. Mtoto alihamishiwa kitanda cha chini, mbali na mlango. Mlango ukapigwa kipande cha mpira wa tairi usibamize. Kwenye komeo metroni alining'iniza kikopo chenye mawe madogo. Nyumbani nilimwomba jaja aiache leso, kwa sababu mtu wa nusu usingizi akivutwa mguu huanguka vibaya, au hupigana. Akaweka naye kikopo chake. Saa 4:50 kila usiku, kwa wiki nne, metroni alimwamsha mtoto taratibu, akampeleka kukojoa, akahakikisha ametaja jina lake, akamrudisha. Kuamshwa hivyo muda mfupi kabla ya saa yake huvuruga mpangilio wa ule usingizi mzito, na kwa watoto wengi husaidia.

Wanafunzi walitaka kujua kama atakufa akiamshwa. Nilikwenda Jumamosi moja kuongea nao. Hafi, niliwaambia, ila atachanganyikiwa na anaweza kukupiga bila kukujua. Mshike kiwiko kwa upole, mwelekeze kitandani, usimmwagie maji. Kijana mmoja aliinamisha kichwa niliposema maji. Niliuliza nani huongea usingizini, na mabweni yote yakacheka, vidole vikielekea kila upande.

Kwenye saa za kulala nilishinda nusu tu. Niliomba darasa zima la sita liondolewe preps za alfajiri. Nikapewa mtoto mmoja. Yeye sasa analala saa 3:00 na kuamka saa 12:00, na wenzake hamsini na kitu wanaamka saa kumi vile vile, wakisinzia juu ya madaftari. Hilo bado linaniuma na nimeshaandika barua ya pili.

Muhula uliofuata daftari lilikuwa na matukio mawili. La kwanza usiku wa kuamkia mitihani. La pili alikuwa na homa, na safari hii kipimo cha malaria kilikubali.

Baba yake alinipigia simu mwezi uliopita, akiwa njiani na lori kuelekea Juba. Alishukuru, akauliza habari za mtoto, kisha akasitasita. Mwaka jana, alisema, alilala kwenye kabini Elegu, mpakani na Sudan Kusini, baada ya kuendesha siku mbili mfululizo. Alizinduka amesimama nje, pekupeku, ufunguo wa lori mkononi. Hakumwambia hata taniboi wake.

Nilimwambia kwanza kwamba usiku huo huo ufunguo akabidhi taniboi kabla ya kulala, na akirudi apite kliniki nimchunguze pumzi na usingizi. Kisha nikamuuliza alikuwa amelala saa ngapi, na alipozinduka ilikuwa saa ngapi.

Akanyamaza, akihesabu.

"Nililala saa tano," akasema. "Nilipotazama simu ilikuwa saa sita na robo."